Mwalimu wetu amestaafu na nusu yetu wako mtandaoni: je, bado sisi ni sangha, yaani jumuiya ya Kibudha?

*"Mwalimu, salaam. Mimi ni Mtanzania, naishi Leeds, Uingereza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiketi na kikundi kidogo cha meditesheni ya Kibudha, kila Jumatano jioni, kwenye ukumbi tunaokodi. Tulikuwa watu kama 20. Korona ilipoingia tukahamia Zoom. Ukumbi ulipofunguliwa baadhi walirudi, wengine hawakurudi. Wapo waliohama mji, na mwenzetu mmoja amerudi Dar es Salaam moja kwa moja. Mwaka jana mwalimu wetu alistaafu kwa sababu ya umri, na hakuacha mtu nafasi yake. Sasa ukumbini tunakuja 6 au 7, mtandaoni wako 5. Tumejaribu kuchanganya kwa kompyuta moja, lakini wa mtandaoni wanalalamika kwamba hawasikii na wamekuwa watazamaji tu. Wenzetu wawili wa siku nyingi wamenuniana: mmoja anasema Zoom si sangha, mwingine anasema bila Zoom yeye hana sangha kabisa, maana ni mgonjwa na hatoki nyumbani. Uratibu umebaki kwangu kwa sababu funguo za ukumbi ninazo mimi. Niambie ukweli: bila mwalimu, na watu wametawanyika hivi, hii bado ni sangha? Au tufunge kwa heshima, kila mtu aketi kwake? Na kama tunaendelea, tufanyeje tusipotezane?"*

Ndugu yangu, maswali yako ni matatu lakini mzizi wake ni mmoja. Mlikuwa na vitu viwili vilivyowaweka pamoja, mwalimu na ukumbi. Kimoja kimeondoka, kingine kimegawanyika, na wewe unaogopa kwamba kilichobaki ni orodha ya majina kwenye WhatsApp. Hofu hiyo ina msingi. Vikundi vingi vya watu wa kawaida, wasio watawa, hufa namna hiyo hiyo, polepole, bila tangazo. Ila naona mnatafuta dawa kwa mwalimu mpya na kompyuta bora, na ugonjwa wenyewe uko kwingine. Nivumilie nikuonyeshe ulipo.

Tuanze na mwalimu. Katika maandiko ya kale ya Kibudha, yaliyo katika lugha ya Kipali, yamo mazungumzo yaitwayo Gopaka Moggallana, yanayoelezwa kuwa yalifanyika Rajagaha muda mfupi baada ya Buddha kufariki. Mbrahmani Gopaka anamuuliza Ananda, mwanafunzi na mhudumu wa Buddha, kama yupo mtawa hata mmoja anayelingana na Buddha kwa kila hali. Hayupo. Vassakara, waziri wa ufalme wa Magadha, anadakia: basi yupo ambaye Buddha mwenyewe alimteua awe kimbilio lenu? Hayupo. Au mliyemchagua nyinyi? Hayupo pia. Sasa umoja wenu mnautoa wapi? Ananda hamjibu kwa maneno ya juujuu. Anasema hawakukosa kimbilio, kimbilio lao ni Dhamma, yaani mafundisho. Kisha anaeleza kinachofanyika: kila siku ya uposatha, yaani siku maalumu ya ibada inayorudi mara kwa mara, watawa wote wanaoishi kwa kutegemea kijiji kimoja hukusanyika, anayezijua kanuni huzisoma, na ikionekana mtu amekosea, kinachomrekebisha ni kanuni wala si matakwa ya mtu fulani. Ukilisoma jibu hilo taratibu utaona linataja siku inayojulikana, watu wanaojulikana, jambo linalofanywa vilevile kila mara, na njia ya kusahihishana. Kiti cha mkuu hakimo.

Mfano wa karibu zaidi ni Plum Village, jumuiya ambayo Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kivietnamu, aliianzisha Ufaransa mwaka 1982. Alipata kiharusi Novemba 2014 na hakuweza tena kutoa mawaidha. Alifariki Hue, Vietnam, tarehe 22 Januari 2022. Kwa zaidi ya miaka 7 jumuiya ile iliamka, ikaketi, ikapika na kupokea wageni bila mawaidha mapya kutoka kwake, na hakuacha mrithi mmoja wa kukalia nafasi yake. Lakini nisikudanganye: wale ni watawa wengi waliolelewa kwa miaka, nyinyi ni watu 12 wenye kazi na familia. Kukosa mwalimu kunawagharimu kitu, na nitakitaja mbele. Ila kunyang'anywa usangha si mojawapo ya gharama hizo.

Sasa Zoom. Wenzako walionuniana, kila mmoja ameshika ukweli wake. Anayesema Zoom si sangha anaweza kuegemea kanuni za watawa: shughuli rasmi za sangha ya watawa zinataka miili iwepo ndani ya mpaka uliowekwa, karibu kiasi cha kufikiana kwa mkono. Hata hivyo kanuni hizo hizo, kwenye sehemu ya kitabu chake kiitwacho Mahavagga inayohusu uposatha, zinamzungumzia mtawa mgonjwa asiyeweza kuja. Kwanza atume neno kupitia mwenzake kwamba yeye ni safi, hana kosa alilolificha, na neno hilo lifikishwe mbele ya wote. Akiwa hawezi hata kutuma neno, abebwe na kitanda chake aletwe. Na kama wauguzi wakiona kumsogeza kutamzidishia ugonjwa, basi sangha iende alipo. Kinachokatazwa ni kuendelea bila yeye kama vile hayupo duniani.

Kanuni hizo zinajibu pia suala la uchache. Kusoma kanuni kwa ukamilifu kunataka watawa wanne. Wakiwa watatu au wawili, kila mmoja anamtamkia mwenzake kwamba yuko safi. Akiwa mmoja, anafagia mahali, anatandika kiti, anaweka maji na taa, anasubiri kama wengine watakuja, na wasipokuja anaweka nia moyoni kwamba leo ni siku yake ya uposatha. Hakuna idadi ambayo siku inafutwa. Nyinyi si watawa na kanuni hizi haziwabani, lakini zina busara ambayo vikundi vyetu vya siku hizi vimeiacha: kutokuwepo kwa mtu nako kuna utaratibu wake.

Hapo ndipo ugonjwa wenu ulipo. Tazama jinsi mtu anavyopotea. Jumatano moja amechoka, haji. Ya pili mtoto anaumwa. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine ameuliza, au aliona kuuliza ni kumsumbua. Wiki ya tatu anaona haya kidogo, maana kurudi sasa kutahitaji maelezo. Wiki ya sita anajiambia kwamba hata hivyo anaketi nyumbani. Huyo hakuamua kuondoka, ameteleza. Na Zoom huzidisha tatizo hili kwa namna ya pekee: ukumbini mto wa kuketia usio na mtu unaonekana, lakini kwenye skrini kiboksi cha asiyekuja hakiachi pengo. Vingine vinajipanga upya na kujaza nafasi, na macho hayaoni kwamba mtu amepungua. Kwenye kikoba mwanachama akikosa mkutano mmoja simu inapigwa jioni ile ile, kwa sababu kuna hela. Kikundi cha meditesheni hakina hela ya kukumbusha, kwa hiyo utaratibu lazima muuweke kwa makusudi.

Uwekeni hivi. Kila wiki mtu mmoja ashike zamu ya udhuru. Asiyeweza kuja anamtumia neno kabla ya saa kumi alasiri siku ya kikao, sentensi moja inatosha: niko safarini, naumwa, leo nimeshindwa tu. Sababu si lazima. Mwanzoni mwa kikao, kabla ya kengele, mwenye zamu anataja majina yote 12: waliopo, waliotuma neno na walichosema kama wameruhusu kisemwe, na ambao hawakutuma. Inachukua dakika mbili au tatu. Wale wasiotuma neno anawapigia simu ndani ya siku mbili, na iwe simu ya sauti, maana ujumbe wa maandishi ni rahisi kuupita na husikii sauti ya mtu ikoje. Mtu akikosa vikao viwili mfululizo bila neno, anayekaa karibu naye aende kumwona. Kuna hatari hapa ya kugeuza upendo kuwa mahudhurio ya shule, kwa hiyo semeni wazi tangu siku ya kwanza kwamba yeyote anaweza kuomba jina lake lisisomwe kwa muda, na hataulizwa kwa nini. Simu nayo iwe fupi: tulikukosa, u mzima? Usimwambie arudi.

Nimelikalia jambo hilo kwa sababu bila hilo haya mengine hayatawasaidia sana. Sasa ratiba.

Kuchanganya kila wiki watu wa ukumbini na wa mtandaoni ndiyo njia ngumu kuliko zote, na vikundi vingi huichagua kwa kuwa inaonekana haimwachi mtu. Matokeo yake ni kama mlivyoyaona: wale 7 wanakutana, wale 5 wanatazama. Ushauri wangu ni mgawanye mwezi. Jumatano ya kwanza na ya tatu iwe ukumbini, na laini ya mtandao ikiwa wazi kwa mgonjwa wenu na yeyote wa mbali. Ya pili iwe mtandaoni kwa wote, na nikisema wote namaanisha hata wewe unayekaa karibu na ukumbi, kila mtu kwake na kifaa chake. Usiku huo sura zote ni za ukubwa mmoja na hakuna wa daraja la pili. Ya nne nayo iwe mtandaoni, ila ihamisheni hadi Jumapili asubuhi kwa sababu ya mwenzenu wa Dar es Salaam. Piga hesabu: mkianza saa moja usiku Leeds, kwake ni saa tatu usiku wakati wa majira ya joto na saa nne usiku wakati wa baridi. Kikao cha saa moja na nusu kinamtoa karibu saa sita za usiku, na kesho anawahi daladala. Mkianza Jumapili saa tatu asubuhi kwenu, kwake ni saa tano asubuhi au saa sita mchana. Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Afrika Mashariki haibadilishi. Wiki hizo mbili mwenye zamu amkumbushe, la sivyo ataingia saa nzima kabla ya wakati au atachelewa saa nzima.

Mwezi wenye Jumatano tano, hiyo ya tano watu watatu au wanne waende nyumbani kwa mgonjwa wenu, kama afya yake na daktari wake wanaruhusu, waketi naye dakika 20 na kunywa chai. Muulizeni kwanza. Kama maambukizi ni hatari kwake, ketini naye kwa simu tu, lakini siku iwe yake.

Mpango huu pia utapunguza kodi ya ukumbi kwa nusu, jambo ambalo nadhani mweka hazina wenu hatalikataa.

Kwa usiku wa kuchanganya, makosa ya kiufundi ni machache na yanatibika. Chombo kimoja tu ukumbini kiwe na maiki na spika wazi. Mwingine akijiunga kwa simu yake ndani ya chumba hicho hicho bila kuzima vyote viwili, mtapata ule mlio mkali wa sauti kujizungusha. Maiki ya ndani ya kompyuta imetengenezwa kwa mtu aliyekaa mbele yake. Aliye mbali mita tatu anasikika kama yuko kisimani. Nunueni maiki ya mikutano inayopokea sauti pande zote, iwekeni katikati ya duara juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtetemo wa sakafu, na asiwepo mtu mbali nayo zaidi ya mita mbili. Kamera isiwe juu ya kabati ikiwatazama vichwani. Iwekeni usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye mto, takriban sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni, na skrini iwe na nafasi yake ndani ya duara. Ikikaa ukutani nyuma ya watu mtawasahau waliomo.

Kengele inahitaji aya yake, maana hapo ndipo watu wa mtandaoni hukata tamaa kwanza. Zoom ina kichujio kinachoondoa kelele za nyuma, kama feni na injini za magari. Kichujio hicho hutambua kelele kwa kuwa ni sauti isiyobadilika na inayodumu, na mvumo wa kengele una sifa hizo hizo. Kwa hiyo mlio wa mwanzo unapita, mvumo unakatwa, na aliye nyumbani anasikia "ti" kisha kimya, asijue kama kengele imeisha au intaneti imekatika. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, washa chaguo la sauti halisi, lile lililowekwa kwa ajili ya wanamuziki, na hakikisha limewashwa pia kwenye dirisha la kikao chenyewe. Shika kengele sentimita 40 au 50 kutoka kwenye maiki, igonge polepole kuliko ulivyozoea, na kabla ya kikao muulize mmoja wa walio mbali kama anausikia mvumo mpaka mwisho.

Kuimba au kusoma kwa pamoja msijaribu maiki zote zikiwa wazi. Sauti inachelewa sehemu ndogo ya sekunde kila inapokwenda na kurudi, na hiyo inatosha kabisa kuvuruga mahadhi. Mmoja aongoze, wengine wazime maiki na kusoma kila mtu kwake. Akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao cha kikundi baada ya dakika 40, mara nyingi katikati ya mazungumzo, hivyo changieni akaunti moja ya kulipia. Mwenzenu wa Dar es Salaam anunue bando la kutosha, maana video ya saa nzima inaweza kula takriban GB 1. Wakati wa kuketi kimya azime video abaki na sauti, na mwambieni kwamba hilo si utovu wa adabu. Wote waifiche sura yao wenyewe kwenye skrini. Kujitazama saa nzima kunachosha akili kuliko watu wanavyodhani. Na kiungo cha kikao kisiwekwe hadharani. Tumieni chumba cha kusubiri na mtu wa mlango, na zimeni ule mlio wa mtu kuingia.

Mazungumzo yakianza, walio kwenye skrini waongee kwanza. Iwe sheria, kila mara. Wakisubiri nafasi hawataipata, kwa sababu ukumbini watu huelewana kwa macho nani anafuata, na macho hayo hayawafikii wao.

Bila mwalimu, muundo wa kikao uwe uleule mpaka uchoshe. Mnaweza kuanza na majina, kuketi dakika 30, kutembea kwa utulivu dakika 10 (aliye kitandani abaki na pumzi yake), rekodi au usomaji usiozidi dakika 20, kushirikishana dakika 20, kisha kengele. Mnaposhirikishana, mtu aweke viganja pamoja kuomba nafasi, aseme yanayomhusu yeye, aweke tena viganja kuonyesha amemaliza, na asijibiwe wala kushauriwa. Watu wengi huona sheria hiyo kali. Ifuateni mwezi mmoja kisha mwulizane.

Gharama niliyosema nitaitaja ni hii. Kikundi kisicho na mwalimu kina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna wa kukuambia umepotea. Mtu anaweza kuketi miaka akilea usingizi mwororo akadhani ni utulivu. Ya pili ni kwamba mwenye sauti kubwa, au aliyesoma vitabu vingi, anageuka mwalimu bila mtu kuamua. Kwa hatari ya kwanza, tafuteni mwalimu wa nje, ikiwezekana wa mkondo ule ule aliofuata mzee wenu aliyestaafu, azungumze nanyi mtandaoni mara moja kila miezi miwili na kuja siku nzima mara mbili kwa mwaka. Mlipieni nauli na mtoe sadaka kwa hiari. Msimwombe awe mwalimu wenu wa kudumu. Kwa hatari ya pili, kubalianeni kwamba mtu wa ndani haongei zaidi ya dakika 10 kama fundisho, na kila cheo kina mwisho. San Francisco Zen Center, kituo cha Kibudha huko Marekani kilichoanzishwa mwaka 1962, kilitikiswa vibaya mwaka 1983 na mgogoro kuhusu mwenendo wa abate wake, yaani mkuu wa kituo, ambaye mamlaka karibu yote yalikuwa mikononi mwake. Baadaye waliweka mihula kwa maabate na utaratibu ulioandikwa wa kupokea malalamiko. Nyinyi ni wadogo, lakini somo lenyewe halichagui ukubwa.

Hilo linakuhusu wewe moja kwa moja. Uratibu wako uwe wa mwaka mmoja, na tarehe ya mwisho itamkwe leo. Seti ya pili ya funguo iwe kwa mtu mwingine. Kengele, mlango wa Zoom, udhuru na chai viwe zamu nne za watu wanne tofauti, wanaobadilishana kila mwezi, na angalau moja ishikwe na mtu wa mtandaoni. Zamu ya udhuru inafaa sana kushikwa na mgonjwa wenu kama anaiweza, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kukosekana kunavyouma. Fedha ziwe kwenye akaunti yenye saini mbili. Mkifikia kipato cha zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka, England na Wales zinadai shirika la hisani lijisajili. Chini ya hapo, katiba ya ukurasa mmoja inatosha.

Kuhusu mzee wenu: kustaafu si kufa. Je, mlimuaga? Kama hamkumuaga, fanyeni siku ya kumuaga, hata kama mwaka umepita. Kikundi kisichofunga mlango huo hubaki kikilinganisha kila kikao na enzi zake, na huzuni isiyotajwa hujitokeza kama ugomvi juu ya Zoom. Muulizeni anataka nini, labda ni barua au kutembelewa mara moja kwa msimu, au ni kuachwa apumzike, na mheshimu jibu.

Ama hao wawili walionuniana. Katika mji wa Kosambi, enzi za Buddha mwenyewe, watawa waligawanyika pande mbili kwa ugomvi ulioanzia kwenye maji yaliyobaki katika chombo cha msalani, na alipojaribu kuwapatanisha hawakumsikia, akaondoka zake. Kwa hiyo usijilaumu kwamba kuna ugomvi, na usidhani wewe peke yako utaumaliza. Ratiba niliyopendekeza inampa kila mmoja anachohitaji, lakini maumivu yaliyokwisha kusemwa yanataka kushughulikiwa. Plum Village wana zoezi la kuanza upya lenye hatua nne, na linafaa kwa watu wazima waliochoka: kwanza kila mmoja amtajie mwenzake jambo jema mahususi alilomwona akilifanya, pili ataje anachojutia upande wake, tatu aeleze alivyoumia bila kumtuhumu, nne aombe msaada anaouhitaji. Mmoja anaongea mpaka amalize. Awepo mtu wa tatu anayeaminiwa na wote wawili, mwenye kengele ndogo ya kuwasimamisha wapumue sauti zikipanda. Lifanyike nyumbani kwa mgonjwa au kwa simu ya video, watatu tu. Lisifanyike kamwe kwenye kundi la WhatsApp, na mtu akianza kuandika aya ndefu huko, mpigie simu papo hapo. Wakiwa hawako tayari kwa hatua ya tatu, wafanye mbili za mwanzo waishie hapo. Hilo nalo ni jambo.

Umeuliza kama mfunge. Msiamue sasa. Endesheni mpango huu miezi mitatu, kisha mkutane wote 12 na kila mtu ajibu maswali mawili kwa maandishi kabla ya kuongea: je, ningekosekana hapa? Je, nina nguvu ya kushika zamu moja? Wakipatikana wanne wanaosema ndiyo kwa yote mawili, endeleeni, hata wakiwa wanne tu. Wasipopatikana, fungeni kwa utaratibu: wekeni siku, ketini mara ya mwisho, gawaneni namba za simu kwa ridhaa, amueni kengele inakwenda kwa nani na salio la fedha linakwenda kwa sangha gani, na msaidieni kila anayetaka kuhamia kikundi kingine kwa kumsindikiza mara ya kwanza. Kuungana na kikundi kingine cha mji huo huo ni njia ya tatu na wala haina aibu, ila mgonjwa wenu na walio mbali waulizwe kwanza, kwa sababu kikundi kikubwa huenda hakina laini ya mtandao.

Yapo mambo ambayo simu na Zoom hazitoshi. Mtu akiacha kulala siku kadhaa, akianza kusikia sauti, akisema amepata ujumbe maalumu, akiingiwa na hofu kali kila anapofumba macho, au akisema hataki kuishi, asimamishe meditesheni ndefu na aonane na daktari, na aliye karibu aende alipo. Msimwambie aketi zaidi, wala asiache dawa zake kwa ushauri wa mtu wa kikundi. Kwa Uingereza, hatari ya papo hapo ni 999, ushauri wa afya ni 111, na Samaritans wanapokea simu saa 24 kwa namba 116 123. Malalamiko yoyote ya kimapenzi, ya fedha au yanayomhusu mtoto msiyamalize ndani kwa ndani kwa kuogopa kuvunja umoja. Yapelekeni kwa mtu wa nje mwenye mamlaka, na kama ni kosa la jinai, polisi.

Na mwenzenu wa Dar es Salaam asibaki na skrini peke yake, hasa mwaka huu wa kwanza wa kurudi nyumbani. Jijini kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, lenye mti wake wa bodhi, aina ya mti ambao Buddha alipata kuamka chini yake. Akipata nafasi ya safari, Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda. Vyote viwili ni vya mkondo wa Theravada, kwa hiyo kama mzee wenu alifundisha Zen au mkondo wa Plum Village atakuta tofauti za namna ya kusujudu na kusoma, lakini kuketi na pumzi hakutamshinda. Apige simu kwanza kuuliza siku za kuketi, avae nguo zinazofunika mabega na magoti, avue viatu mlangoni, na Jumatano inayofuata awaeleze wenzake amekuta nini.